Stempu ya babu imegeuka rangi: ni mali au imechuja?



Barua ya leo imetoka Machame. Mwenyewe ameniruhusu niieleze bila kumtaja jina. Ni mama wa watoto watatu. Mume wake ni kitinda mimba, kwa hiyo kwa mila za Uchaggani nyumba ya wazazi na kihamba vimebaki mikononi mwao. Desemba ndugu walipopanda nyumbani kwa Krismasi, walisafisha stoo wakakuta kopo la biskuti la marehemu babu. Ndani kulikuwa na barua za zamani zilizofungwa kwa mipira, pamoja na stempu nyingi za Tanganyika, za Kenya, Uganda na Tanganyika, na za nchi za mbali.

Kijana wake wa kidato cha pili akalichukua kopo lile. Akasoma kwenye simu kwamba stempu yenye rangi isiyo ya kawaida inaweza kuuzwa kwa mamilioni. Akapekua, akapata moja ya rangi ya chungwa iliyogeuka kahawia karibu na nyeusi, na nyingine ya kijani iliyokuwa kama buluu. "Mama, hizi ni adimu. Ada ya bweni imepatikana," akasema. Wiki iliyofuata aliziuza zote mbili kwa mgeni aliyekuja kupanda mlima, kwa shilingi elfu hamsini.

Mama alifurahi, mpaka siku alipoanika nguo akakuta stempu nane zimepangwa juu ya bati, juani. Nyingine tatu zilikuwa ndani ya kikombe cha jiki. Kijana alikuwa anatengeneza adimu nyingine.

Anauliza mambo mawili. Kwanza, je, zile stempu za babu zilizogeuka rangi zina thamani kweli? Pili, amfanyeje kijana, na ile elfu hamsini je, maana imeshaingia kwenye ada?

Nitaanza na la stempu. Bila kuelewa kilichozigeuza rangi, hatuwezi kuzungumza na kijana tukaeleweka.

Rangi inapochuja

Kila mama anajua kanga mpya ikianikwa juani kila siku hupauka. Stempu ni karatasi yenye wino, na wino nao una tabia hiyohiyo. Miale ya jua huvunja chembe zinazoleta rangi, tena haizivunji zote kwa kasi moja.

Hapo ndipo kijani inapogeuka buluu. Kijani ya mchapaji mara nyingi ni mchanganyiko wa buluu na njano. Ile njano ikiwa dhaifu, jua huimaliza kwanza na buluu inabaki. Mtu asiyejua atasema amepata stempu iliyochapwa kwa rangi isiyo yake. Kumbe ilikaa dirishani.

Maji nayo yana kazi yake. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, kampuni ya De La Rue ya London ilichapa stempu nyingi za Uingereza na makoloni yake kwa wino wa zambarau na wa kijani uliotengenezwa makusudi ili uchuje. Sababu yake itamfaa kijana wetu. Stempu za wakati ule zilitumika kwenye barua na pia kwenye hati za malipo ya serikali, ambako ziliharamishwa kwa kalamu. Wajanja walikuwa wanaosha ule wino wa kalamu na kuitumia stempu mara ya pili. Mchapaji akajibu kwa wino ambao ukijaribu kuuosha, stempu yenyewe inaharibika. Leo, zaidi ya miaka mia moja baadaye, mtoto akiiloweka stempu ya aina hiyo ili aibandue kwenye bahasha, zambarau hubaki kijivu na kijani hupauka kabisa.

Kisha kuna ile ya chungwa iliyokuwa nyeusi. Hii ndiyo inayodanganya wengi, kwa sababu jua hupausha, halileti weusi. Wino mwingi wa zamani wa njano, chungwa na nyekundu ulitengenezwa kwa madini ya risasi. Risasi ikikutana na hewa yenye salfa, ile inayonuka kama yai viza, huzaa kitu kipya chenye rangi ya kahawia au nyeusi. Ni jambo la namna ileile linalofanya pete ya fedha iwe nyeusi ikikaa muda mrefu.

Salfa hiyo inatoka wapi nyumbani? Inatoka kwenye vitu vinavyooza, kwenye samadi, na kwenye mipira kama ile iliyofunga barua za babu, kwa kuwa mpira hutengenezwa kwa salfa. Kopo lililokaa miaka kwenye stoo jirani na zizi, na barua zimefungwa kwa mipira, lina kila kitu cha kuigeuza stempu ya chungwa iwe ya kahawia. Wakusanyaji wanaujua ugonjwa huu vizuri. Wapo wanaoupunguza kwa dawa ya peroksaidi, lakini usijaribu nyumbani kwa stempu za babu. Ukikosea, unaongeza uharibifu mwingine juu ya ule wa kwanza.

Kwa hiyo jibu la swali la kwanza ni hili: stempu iliyobadilika rangi baada ya kutoka kiwandani imeharibika. Haijawa adimu. Mkusanyaji anayejua huilipia kidogo kuliko ile iliyobaki na rangi yake, au haitaki kabisa.

Adimu ya kweli ikoje?

Kijana hakuokota uongo mtupu kwenye simu. Stempu za rangi isiyo ya kawaida zenye thamani kubwa zipo, ila kosa lake lilitokea siku ya kuchapwa.

Maarufu kuliko zote ni ya Sweden ya mwaka 1855. Stempu ya skilling tatu ilitakiwa iwe ya kijani inayoelekea buluu. Ya skilling nane ndiyo iliyokuwa ya njano. Inaaminika kipande cha chuma cha kuchapia tatu kiliingizwa kwa bahati mbaya kwenye sahani ya nane, na stempu ya tatu ikatoka njano. Inayojulikana hadi leo ni moja tu duniani. Aliyeiona ni mvulana wa shule, mwaka 1886, kati ya barua za zamani nyumbani kwa bibi yake. Aliiuza kwa mfanyabiashara wa Stockholm kwa kronor saba. Mwaka 1996 iliuzwa mnadani Uswisi kwa zaidi ya faranga milioni 2.5 za nchi hiyo.

Msimulie kijana habari hii, maana itamgusa: mvulana wa umri wa kukaribia wake, barua za zamani nyumbani kwa bibi. Halafu muulize, yule mvulana aliipata rangi ile au aliitengeneza? Thamani yote ya stempu ile inasimama juu ya neno moja, kwamba ilitoka hivyo kiwandani. Wataalamu wameikagua zaidi ya mara moja kuhakikisha hilo tu.

Rangi mbili, zote halali

Kuna jambo jingine ambalo nadhani litaleta furaha katika nyumba ile. Si kila tofauti ya rangi ni ugonjwa. Wakati mwingine serikali yenyewe ilibadilisha.

Stempu za Tanganyika zenye kichwa cha twiga zilianza kutoka mwaka 1922. Ya senti kumi ilikuwa ya kijani. Mwaka 1925 ikatolewa ya senti kumi yenye njano inayoelekea chungwa, na kijani ikahamia kwa ya senti tano, ambayo mwanzo ilikuwa zambarau ya kijivu. Mtu akiokota twiga wawili wa senti kumi, mmoja kijani na mwingine njano, anaweza kudhani mmoja ameugua. Wote ni wazima.

Iliyo karibu zaidi na Machame ni ya senti 15 ya Kenya, Uganda na Tanganyika yenye picha ya Kilimanjaro. Ilianza mwaka 1935 na sura ya Mfalme George wa Tano. Mwaka 1938 ikarudi na sura ya George wa Sita, ikiwa nyeusi na nyekundu. Mwaka 1952 hiyo ya George wa Sita ikatolewa kwa nyeusi na kijani. Mlima ni uleule na bei ni ileile, rangi ndiyo iliyobadilika, na si jua lililofanya hivyo.

Rangi hazikuchaguliwa kwa kupenda tu. Umoja wa Posta Duniani, katika mkutano wake wa Washington mwaka 1897, ulikubaliana kuwa kijani iwe ya vitu vilivyochapwa kama magazeti, nyekundu ya kadi, na buluu ya barua ya kawaida kwenda nje. Kwa hiyo karani wa posta wa nchi yoyote aliweza kutambua malipo kwa kutupia jicho. Utaratibu huo uliheshimiwa kwa zaidi ya nusu karne, ndiyo maana ukifungua albamu za nchi mbalimbali za wakati ule unaona rangi hizo tatu zikijirudia. Gharama ya kutuma ikipanda, bei ya stempu ya kazi ile hubadilika, na rangi nayo huhamia kwenye bei mpya.

Namna ya kukagua pamoja na mtoto

Haya mnaweza kuyafanya mezani siku ya Jumapili, kwa mikono mikavu na kibano, bila dawa yoyote.

Tafuteni pacha wake. Wekeni stempu inayoshukiwa kando ya nyingine ya aina ileile. Tofauti iliyofanywa na kiwanda huwa safi na sawa stempu nzima. Iliyofanywa na salfa mara nyingi huwa na mabaka, upande mmoja mweusi kuliko mwingine.

Angalieni palipofunikwa. Kama stempu ilikaa chini ya nyingine, au kona yake ilizibwa na karatasi, sehemu ile mara nyingi imebaki na rangi ya mwanzo. Hapo mmeshapata jibu.

Angalieni karatasi na muhuri. Jiki haichagui. Ikitoa rangi ya stempu, huifanya na karatasi iwe nyeupe kupita kiasi, na muhuri wa posta unaweza kufifia pia. Dukani kuna taa za kukagulia noti bandia. Chini ya mwanga wa taa hiyo, stempu iliyochezewa dawa mara nyingi hung'aa tofauti na wenzake.

Msiamue kwa picha ya simu. Kamera hujirekebishia rangi yenyewe kulingana na mwanga. Stempu ileile ukiipiga chini ya taa ya njano, kisha nje mchana, utapata rangi mbili. Wauzaji wa mitandaoni wasio waaminifu wanalijua hilo.

Tafuteni kwenye katalogi. Stanley Gibbons ya London imeorodhesha stempu za nchi zetu pamoja na mwaka na rangi za kila toleo. Kama rangi yenu haipo humo, dhana ya kwanza iwe uharibifu. Ikibaki shaka ya kweli, zipo kamati za wataalamu zinazotoa vyeti, kama ile ya Royal Philatelic Society ya London, chama kilichoanza mwaka 1869. Cheti kina gharama, kwa hiyo msikimbilie huko kwa kila stempu. Na mtu akikupigia simu akitaka utume hela kwanza ndipo akutafutie mnunuzi, kata simu.

Kijana akitaka kuona kwa macho yake, achukue karatasi ya rangi kutoka gazeti la zamani, aifunike nusu kwa karatasi ya aluminiamu ya jikoni, aiweke dirishani wiki tatu au nne. Akiifunua atajua yote niliyoeleza kuhusu jua. Lakini afanye kwa karatasi ya gazeti, asifanye kwa stempu za babu.

Sasa kijana, na ile elfu hamsini

Dada yangu wa Machame, umeniuliza umkemee au umpongeze. Mimi naona kuna mambo mawili tofauti, na ukiyachanganya utampoteza.

Kuuza zile mbili za kwanza hakukuwa wizi wa makusudi. Aliamini ni adimu. Alisoma, akalinganisha, akapata wazo. Huo ni udadisi, usiuue. Kosa lake hapo ni kuuza mali ya ukoo bila kuuliza. Kopo lile ni la watoto wote wa babu, pamoja na shangazi na baba wakubwa wanaorudi kila Desemba. Hata kitinda mimba amekabidhiwa tu kulitunza.

Zile nane juu ya bati na tatu kwenye jiki ni habari nyingine. Hapo alishajua kwamba rangi inaweza kutengenezwa, na bado alikusudia kumwambia mnunuzi kuwa imejitokeza yenyewe. Mwite kwa utulivu, baba yake akiwepo, mwambie jina lake: huo ni utapeli. Kanuni ya Adhabu ya nchi yetu inaitambua kama kujipatia fedha kwa udanganyifu, na mtu kuwa mtalii hakumfanyi awe halali ya kudanganywa. Machame inaishi kwa miguu ya wageni wanaopita getini kwenda mlimani. Wapagazi, waongoza wageni, mama ntilie na wenye vyumba vya kulala wote wanakula kutokana na uaminifu huo. Mgeni mmoja akiandika kwamba aliuziwa uongo, watakaolipa ni jirani zako.

Kuhusu fedha, ushauri wangu ni mgumu lakini ni mfupi: irudishwe. Mgeni yule hakuja peke yake, alikuwa na mwongozaji, na mwongozaji ana kampuni yenye namba yake. Kijana mwenyewe aandike ujumbe, aeleze kwamba stempu zile zimebadilishwa rangi na hali ya kopo, si kosa la kuchapa, na kwamba mnunuzi akitaka, fedha yake ipo. Huenda mgeni akasema baki nayo, nazipenda kama kumbukumbu ya Kilimanjaro. Hapo elfu hamsini itakuwa halali. Huenda akaitaka. Basi irudi, hata kama Januari imebana. Pengo la elfu hamsini kwenye ada utaongea na mhasibu wa shule. Kijana aliyejifunza miaka kumi na tano kwamba uongo unalipa ada, huyo hakuna mhasibu wa kuongea naye.

Kopo lenyewe

Nisikuache na huzuni. Katika barua yako ulitaja jambo kwa kupita tu, kwamba kijana alianza kubandua stempu kutoka kwenye bahasha ili "zikae vizuri". Mzuie leo hii.

Stempu nyingi za kopo kama hilo zilichapwa kwa wingi na hazitakuwa na bei kubwa. Lakini bahasha nzima, yenye stempu yake, muhuri unaosomeka na anwani, ina kitu ambacho stempu iliyobanduliwa haina. Inaonyesha barua ilitoka wapi, lini, kwenda kwa nani. Vijijini kwetu barua nyingi zilipita kwenye sanduku la posta la shule, la usharika au la chama cha ushirika, na hilo limeandikwa pale juu. Wapo wakusanyaji wanaotafuta mihuri ya miji midogo kuliko stempu zenyewe. Na hata asipotokea mnunuzi, ni historia ya ukoo wenu kwa mwandiko wa walioiishi.

Toeni ile mipira ya kufungia. Wekeni barua kwenye bahasha za karatasi, kisha kwenye sanduku kavu, mbali na moshi, zizi na dirisha. Msitumie zile plastiki laini zenye harufu kali, kwa kuwa hutoa mafuta yanayoyeyusha wino. Stempu zilizokwisha kubadilika msizitupe. Zibandikwe ukurasa wake kwenye daftari, kijana aandike chini ya kila moja: hii ilipigwa na jua, hii ilikutana na salfa, hii niliitia jiki mimi mwenyewe.

Daftari hilo halitalipa ada ya bweni. Lakini Desemba ijayo, wajomba na shangazi watakapouliza kopo la babu liko wapi, kijana ndiye atakayelileta mezani na kueleza kila kilichomo.

Tukutane wiki ijayo, mzazi mwenzangu.